Sufuria Linavuta Kushoto

Gari letu lina safu tatu za viti, lakini upande wa kulia, nyuma ya dereva, si wa kukaliwa na watu wazima. Kiti cha nyuma kulia kilikunjwa siku moja ili kupitisha kabati, na tangu siku hiyo kimegoma kukunjuka. Cha katikati kulia kimetoboka, na waya wake umechungulia nje kama jirani anayetaka kujua nani kapita. Hicho ndicho changu. Mimi ni kitindamimba, tena mwembamba, na nyumbani kwetu ilishapitishwa kwamba mtu mwembamba hachomwi na waya. Nani alipitisha, sijui. Mwenyewe sikuitwa kikaoni.

Upande wa kushoto ndiko kwenye heshima. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, hukaa katikati, mlangoni kabisa, kwa sababu mtu wa umri wake na umbo lake hapitishwi juu ya magoti ya wenzake. Nyuma yake hukaa Mama, pamoja na mkoba wa Shangazi, ambao nao ni abiria. Mbele kushoto hukaa Kaka, aliyeanza kunenepa alipopata kazi na hajaona sababu ya kuacha. Kulia, kwenye usukani, Baba, mwembamba kama mimi. Gari lenyewe tunaliita Sufuria, kwa sauti yake linapovuka tuta.

Baba alikuwa mtunza stoo wa shule mpaka alipostaafu. Mtu akistaafu huambiwa apumzike, na sisi tulimpumzisha kweli. Matumizi ya nyumba yakaenda kwa Mama. Balbu na mabomba vikaenda kwa Kaka. Maoni yalikuwa ya Shangazi tangu zamani. Baba akabaki na usukani. Kumpeleka Mama dukani kwake asubuhi, kumpeleka Shangazi kliniki, kufuata mtungi wa gesi: mtu akitaka kusema "twende," sharti amwambie Baba. Funguo alizitia mfuko wa shati, si wa suruali, ili zionekane. Ukimwondoa kwenye usukani, anabaki wa kumwagilia maua, na maua yenyewe hatuna.

Usukani wa Sufuria uliugua maradhi yote ya uzeeni, kwa zamu. Kwanza ulipiga mayowe kila kona. Kumbe oili yake imekauka, Baba akaongeza, mayowe yakaisha. Ukaja ukawa mzito asubuhi, kama mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Halafu ukalegea: unauzungusha, gari linatafakari kwanza, ndipo linakata. Kikabadilishwa kiungo kimoja karibu na gurudumu, mafundi wanakiita tairodi. Ukaanza kutetemeka gari likikimbia. Magurudumu yakasawazishwa, tetemeko likakoma. Yote hayo Baba aliyapokea kwa utulivu, kama anavyopokea habari za magoti yake mwenyewe.

Ugonjwa uliobaki ulikuwa mmoja: gari lilivuta kushoto. Si kila siku. Siku nyingine lilikwenda sawa, limetulia, mpaka ukaliombea maisha marefu. Siku nyingine liliutamani mtaro. Baba alilizoea. Alishika usukani akiupinda kulia kidogo, kama mtu anayemwongoza mbuzi kandokando ya shamba la mwenzake. Alisema tu, "Linavuta," na sisi tukaitikia, "Ee, linavuta," kama watu wanaojibu salamu.

Mambo yaliharibika tulipokuwa tunatoka harusini. Tumeshiba, tumechoka, Shangazi anaeleza makosa ya mpishi. Baba akapiga chafya. Chafya moja tu, tena ya kawaida, lakini kwa muda wa chafya hiyo mikono yake ilisahau mbuzi. Magurudumu ya kushoto yakatoka barabarani, yakaingia kwenye kokoto, Sufuria likapiga kelele za jina lake, na kilemba cha Shangazi kikagonga kioo, Shangazi akiwa ndani yake. Baba alilirudisha barabarani bila haraka. Hakuna aliyeumia. Ila kuanzia hapo hadi nyumbani hakuna aliyemzungumzia mpishi.

Shangazi alisubiri chai imiminwe.

"Mdogo wangu," alisema, "mikono yako imechoka."

"Mikono yangu haina neno, Dada. Gari linavuta."

"Gari litavuta kwa akili ipi? Wewe umezeeka, na kuzeeka si aibu. Mimi mbona nimezeeka na nimenyamaza?"

Mama alikohoa. Kwamba Shangazi alikuwa amenyamaza, hiyo ilikuwa habari mpya kwa watu wote waliokuwa sebuleni.

"Wewe mwenyewe unalijua," Baba alimgeukia Kaka. "Si linavuta?"

Kaka aliangalia kikombe chake. "Mimi hukaa pembeni tu, Baba. Kesho asubuhi nitalizungusha nione."

Kesho yake akalizungusha, peke yake, hadi kituo cha mafuta na kurudi. Akaingia jikoni akining'iniza funguo kidoleni.

"Rula," alisema. "Linakwenda kama rula."

"Leo limeamua kujificha," Baba alisema.

"Baba, gari halijifichi."

Likapelekwa kwa fundi. Fundi wetu anaitwa Daktari, jina alilojipa mwenyewe baada ya kuona wateja wanachelewa kumpa. Alilipiga jeki, akayatikisa magurudumu, akachungulia chini kwa tochi, kisha akajipakia na kwenda nalo hadi mzunguko wa barabara. Aliporudi alijifuta mikono kwa muda mrefu.

"Mzee, gari zima. Halidai chochote."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna. Labda tumpige jeki dereva," akasema, akacheka peke yake mpaka akamaliza.

Hapo ndipo kesi ya Baba ilipozama. Fundi akikwambia gari ni bovu, unaweza kubisha. Lakini fundi anayesema gari ni zima, anayekataa riziki yake kwa mdomo wake mwenyewe, huyo utambishia nini? Jioni hiyo Mama alisimama mbele ya Baba na kunyoosha mkono. Baba aliuangalia mkono, akauangalia mlango, akazitoa funguo mfukoni. Mama akampa Kaka.

Kaka aliuchukua usukani kama watu wanavyochukua vyeo, kwa kuanza kuchelewa. Mama akawa anasubiri kibarazani asubuhi, mkoba begani. Baba alibaki na kazi ya kuliosha gari. Aliliosha vizuri kupita kiasi, hata chini ya vifuniko vya magurudumu, mahali ambapo hakuna mtu atakayeinama kumsifu. Gesi ilipoisha aliifuata kwa miguu, mtungi begani, akapita mbele ya Sufuria bila kuligeukia. Mkono wake ulizoea kwenda mfuko wa shati. Ulikwenda, ukakuta kitambaa, ukarudi.

Kibaya zaidi, alianza kuamini. Mchana mmoja nilimkuta jikoni amenyoosha sinia mbele ya kifua, vikombe vitatu vya chai juu yake, anaitazama chai kuona imeinamia wapi. Haikuinama popote. Alilirudisha sinia mezani, akanywa vyote vitatu.

Kisha dada yetu akajifungua. Anaishi mji wa pili na mumewe, kwa hiyo ikawa safari ya ukoo: Mama na vyakula vyake, Shangazi na mkoba wake, mimi na waya wangu, Kaka kwenye usukani, Baba mbele kushoto. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa upande huo, na alivuta mkanda mara kadhaa kabla ya kugundua unafungwa kinyume na alivyozoea.

Mjini tulikwenda salama, kwa sababu mjini hakuna anayekwenda kasi ya kumwezesha kukosea. Tulipoingia barabara kuu, Kaka alipunguza hadithi. Baadaye akazima redio.

"Mbona umezima?" Mama aliuliza.

"Nasikiliza injini."

"Inasemaje?" Shangazi akauliza.

Kaka aliushika usukani kwa mikono yote miwili. Kutoka nilipokaa niliona shingo yake imeanza kulowa, bega la kulia limepanda karibu na sikio. Usukani ulikuwa umepinda kulia, kiasi kile kile ninachokijua tangu nikiwa darasa la nne. Baba naye alikuwa anaiangalia mikono ile. Aliiangalia kwa muda, kisha akageuza uso dirishani na kuanza kutazama mashamba, kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kukuta kuna mwenzake.

Lori likatupita. Upepo wake ulitusukuma, Kaka akashtuka, akalegeza, na Sufuria likaona nafasi. Gurudumu la kushoto lilipanda ukingo wa daraja dogo, likashuka kwa kishindo. Kaka alisimamisha gari mbele kidogo, penye majani. Mkoba wa Shangazi ulikuwa mapajani mwa Mama.

"Vipi, mwanangu?" Baba aliuliza.

"Tairi. Nafikiri ni tairi."

Tukashuka wote. Tairi lilikuwa zima, limejaa upepo.

"Basi ni ule upepo wa lori," Kaka alisema, na kwa kuwa hata yeye hakujiamini, akaongeza, "Kaeni hapo, nilipeleke kidogo mwenyewe."

Akaenda hadi kwenye kibao cha mbele, akageuza, akarudi. Tuliliona linakuja katikati ya njia yake, limenyooka, halina hatia.

"Rula?" Baba aliuliza.

"Rula."

"Haya, pandeni."

Tukapanda. Tulikwenda kipande kile kile hadi kwenye kibao, na kabla hatujafika Kaka akaiachia pumzi aliyokuwa ameishika tangu barabara kuu.

"Linavuta," alisema. "Baba, linavuta kweli. Linavuta vibaya."

"Ee," Baba alisema. "Linavuta."

Nilidhani atasema zaidi. Mimi ningesema, tena ningeanzia kwenye chafya. Yeye alishuka, akaenda nyuma ya gari, akachuchumaa kwenye majani na kulitazama kwa usawa wa bampa, sisi bado tukiwa ndani. Halafu akasema tushuke, akalitazama tena.

Mama ndiye aliyelitamka jambo lenyewe. "Kwa hiyo likiwa na sisi linavuta, na likiwa tupu halivuti."

Kaka aliangalia majani. Mama aliangalia majani. Mimi nilichagua mdudu mmoja nikamwangalia huyo. Kila mtu alikuwa ameshapiga hesabu ya nani hukaa wapi, na hesabu ilikuwa inakuja na jibu moja tu, na jibu lenyewe lilikuwa limesimama limevaa kilemba.

"Mnaniangalia nini?" Shangazi aliuliza.

"Hatukuangalii," tulijibu kwa pamoja, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Baba alijipangusa magoti. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa neno fupi, lingemrudishia kila alichopokonywa, na dada yake angelibeba mpaka siku ya kufa. Alilitafuna kidogo, kisha akalimeza.

"Ni viti," alisema. "Upande wa kulia viti viwili vibovu, tumejazana wote kushoto. Kuna kitu kule chini kimechoka, na tukikaa hivi kinalala. Viti nilipaswa kuvitengeneza zamani."

"Mimi nilikuwa nakaa hapa kwa sababu ya mlango," Shangazi alisema, bila kuulizwa.

"Tunajua, Dada. Ni viti."

Ili tufike, Mama alihamia kwenye waya wangu, juu ya khanga iliyokunjwa mara nne, na mimi nikakaa pahala pake. Alilalamika njia nzima. Sufuria likaenda limenyooka.

Tuliporudi, Daktari alipandisha mabega. "Lakini nililiendesha mwenyewe!"

"Ulikuwa peke yako," Kaka alisema.

"Sasa mimi nijaribie gari na ukoo wa watu?"

"Ukoo ndio huu," Baba alisema, akatuonyesha. "Pandeni kama mnavyokaa."

Daktari aliingia kwenye shimo lake na tochi, Sufuria likawekwa juu yake, nasi tukapanda mmoja mmoja, kila mtu pake. Kaka alipanda, kimya. Mama alipanda, kimya. Shangazi alipopanda, sauti ilitoka chini ya miguu yetu: "Oo-hoo!"

"Oho nini?" Shangazi aliuliza kupitia sakafu.

"Si wewe, mama yangu! Springi!"

Springi ya nyuma kushoto ilikuwa imekatika ncha. Kipande kilichokatika kilikaa ndani ya kikombe chake cha raba, kimefichika, na gari likiwa jepesi springi ilisimama juu yake kama nzima. Likibeba watu ilitoka pake, ikazama, gari zima likapiga goti upande ule, na usukani ukafuata goti. Daktari alitoka shimoni akiwa na furaha kubwa, kana kwamba ni yeye aliyetuambia tangu mwanzo. Akafunga springi nyingine, akapima upya mwelekeo wa magurudumu. Baba alitafuta mshona viti, akakaa naye tangu asubuhi mpaka waya wangu ulipokatwa na kufunikwa sponji na turubai. Nyuma kulia ilibidi nyundo itumike, lakini kiti kilikunjuka.

Tungesema yameisha. Funguo zilikuwa mezani, Baba amekaa upande mmoja, Kaka upande wa pili, kila mmoja akijifanya anatazama televisheni.

"Springi ni springi," Shangazi alisema, "na mikono ni mikono. Vitu viwili haviwezi kuzeeka pamoja? Mimi sijasema gari halikuwa bovu."

"Ulisema, Shangazi," nilimkumbusha.

"Wewe nyamaza, unaongea kama redio ya mkopo. Nasema hivi: akiendesha na mimi nimo ndani, nikajionea kwa utulivu, sina neno. Lakini sipandi barabara kuu kwa majaribio."

Mama alimtazama Baba, akamtazama wifi yake. Akazisukuma funguo kwa kidole hadi katikati ya meza. "Uwanja wa mpira hauna magari," alisema.

Kwa hiyo Jumamosi ile tulikwenda uwanjani, Sufuria limejaa kama kwa safari, na safari yenyewe ni kuzunguka magoli. Kaka alilifikisha hadi kwenye nyasi, akashuka, akampisha Baba. Mstari wa chokaa wa pembeni ya uwanja ulikuwa bado mpya. Baba alisema atafuata huo.

Akaanza. Hatukumaliza nusu ya mstari, gari likaanza kuingia uwanjani, kulia, polepole, likielekea duara la kati kana kwamba tunaanzisha mechi.

"Mmeona?" Shangazi alisema.

"Hata mimi jana lilinifanya hivyo," Kaka alisema haraka. "Mikono imezoea kulizuia, Shangazi. Sasa hakuna cha kuzuia."

"Wewe umeliendesha wiki chache tu, umezoea nini?"

Baba alilirudisha kwenye mstari. Mzunguko wa pili lilikwenda kulia tena, lakini kidogo. Wa tatu niliiona mikono yake ikifundishwa: inapanda kulia, anaishusha, inapanda, anaishusha, kama mtu anayemzuia mtoto asijikune tetekuwanga. Wa nne, chokaa ilikaa chini ya gurudumu kutoka kibendera hadi kibendera, na vumbi lake jeupe likatufuata nyuma, limenyooka.

"Basi sawa," Mama alisema. "Mimi nina njaa."

"Bado," Baba alisema.

Alikata kona ya goli, akaingia upande mrefu wa uwanja, akaongeza mwendo. Kisha akauachia usukani. Aliuachia mkono mmoja, ukafuata wa pili, akaishusha yote miwili na kuiweka magotini, kama abiria. Mama aliita jina la Mungu. Kaka alinyoosha mkono kuudaka usukani, Baba akamtazama tu, Kaka akaurudisha. Shangazi alinishika sikio, ambalo ndilo lililokuwa karibu, akalikamata kama bomba la kujishikia.

Sufuria lilienda. Lilitikisika kwenye mashimo, likapiga kelele zake, likapita mstari wa katikati, likapita eneo la penalti, na chokaa haikutoka chini ya gurudumu. Karibu na kibendera cha mwisho Baba aliirudisha mikono yake, taratibu, akapunguza mwendo.

"Basi, Baba," Kaka alisema. "Funguo ni zako. Tumeona."

"Shangazi yako hajaona," Baba alisema, akitazama kwenye kioo. "Kafumba macho."

"Nimeona!" Shangazi alisema, macho bado kayafumba, sikio langu bado mkononi. "Wallahi nimeona!"

Baba akakata kona nyuma ya goli, akaanza mzunguko mwingine.